Mama N. na orodha ya vyakula 11: uchambuzi wa kisa kutoka Mwanza

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki ni cha mwanamke mfanyabiashara wa dagaa jijini Mwanza, niliyemhudumia kama afisa lishe. Ameridhia kisimuliwe. Jina lake, mtaa anaoishi, kituo alichotibiwa na kisiwa anachonunulia mzigo nimeviondoa, na mambo machache ya familia nimeyabadilisha. Humu nitamwita Mama N.

Nimekichagua kwa sababu watu wanaofika wakilalamika kwamba "chakula kinanikataa" mara nyingi huwa wameshaacha vyakula vingi kabla hawajatuona. Kuacha wanajua wenyewe. Ambacho hakuna aliyewaonyesha ni namna ya kuvirudisha, na wapo wanaokaa miaka wakila vitu vitatu tu, wanakonda, wanaishiwa damu, huku wakiamini ndiyo tiba.

Historia yake

Mama N. ana miaka thelathini na kitu, watoto wanne, mume fundi wa boti, na nyumba yenye watu wanane mezani. Amekulia mwambao wa ziwa. Kazi yake ni kwenda visiwani, kununua dagaa kwa wavuvi na waanikaji, kuwaleta kwa boti hadi soko la samaki la Mwaloni Kirumba na kuwauza kwa gunia.

Biashara hii inakwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na taa huwavuta vizuri pale tu kunapokuwa na giza. Mwezi ukipevuka, mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushushia mzigo, hupoa kwa wiki moja hivi au zaidi. Kwa hiyo kuna siku ambazo Mama N. hashiki nyumba kabisa, na kuna siku anashinda kwake akihesabu madeni. Nalisema mapema kwa sababu baadaye ndilo lililobeba mpango wake wote.

Siku za kazi alikuwa anatoka alfajiri bila kula. Saa moja asubuhi, mzigo ukishashuka, anakaa kwa mama ntilie: kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, maziwa mengi kuliko maji, na chapati mbili. Mchana ugali na maharage, au samaki wa kukaanga na kachumbari iliyojaa vitunguu. Jioni kile kilichopikwa nyumbani.

Tumbo lilianza kumsumbua pole pole, miaka kama mitatu kabla hatujaonana. Lilikuwa linajaa hadi sketi inambana, linaunguruma mpaka jirani wa meza anasikia, kisha anaharisha. Saa tatu asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Pale sokoni kuna choo cha kulipia, hilo aliliweza. Kwenye boti hakuna choo, na safari ni ya saa kadhaa na wanaume wamejaa. Akaanza kusafiri na njaa. Baadaye akawa anamtuma mdogo wake visiwani, na mzigo ukaanza kuja na dosari.

Alitibiwa taifodi mara nyingi kiasi kwamba hakumbuki idadi. Kila mara kipimo cha Widal kilisoma "positivu", kila mara antibayotiki, nafuu ya siku mbili tatu, halafu yale yale. Aliambiwa pia ana vidonda vya tumbo, na amiba. Nilipomuuliza kama aliwahi kuombwa sampuli ya choo kikubwa, alifikiri kwanza. Akasema labda mara moja, lakini hakuweza kuitoa siku hiyo na hakurudi tena.

Orodha

Mwaka uliotangulia, jirani alimpeleka kwa watu wanaofanya "kipimo cha mwili mzima". Alishikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache ikatoka karatasi ndefu. Sehemu ya chini iliorodhesha vyakula ambavyo mwili wake "unavikataa": samaki wote pamoja na dagaa, maharage, maziwa, mayai, karanga, ngano, vitunguu, nyanya, jamii ya machungwa na ndimu, nyama ya ng'ombe, na viazi vitamu. Jumla 11. Akauziwa na makopo ya virutubisho.

Kifimbo cha chuma mkononi hakipimi namna mwili unavyopokea chakula. Hakuna damu iliyochukuliwa, hakuna chakula kilicholiwa, hakuna choo kilichochunguzwa. Lakini nataka msomaji aelewe kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayeendesha biashara ya mamilioni kwa kichwa chake, aliiamini karatasi ile. Kwa miaka miwili alikuwa anaambiwa taifodi na hapati nafuu. Karatasi ile ilikuwa kitu cha kwanza kilichotaja chakula, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaona kwamba anaharisha baada ya kula. Ilimwambia kile alichokuwa anakihisi.

Akaifuata kwa uaminifu. Akabaki na ugali wa sembe, mchicha wa kuchemsha na mafuta kidogo, uji mweupe, wali pale pesa inaporuhusu, na chai ya rangi kila mlo. Tumbo likatulia nusu. Kuharisha kulipungua, maumivu yakabaki, na uchovu ukaongezeka. Kwa muda wa miezi minane hivi alipoteza kilo 9.

Alivyofika kwetu

Alipelekwa kliniki na mume wake baada ya kuanguka kwa kizunguzungu akiwa anapanga magunia. Alipokaa tu, kabla sijauliza kitu, alisema: "Dokta, mimi nimeshaacha kila kitu. Kama na wewe unataka niache, labda niache na maji."

Orodha alikuwa nayo, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na daftari la madeni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, akaiunga kwa gundi ya karatasi. Kila chakula alichokwisha kukiacha alikiwekea alama ya vema kwa kalamu ya bluu. Alama zilikuwa 11.

Nilianza na samaki, kwa sababu hapo palikuwa na jambo la kutofautisha. Mzio wa kweli wa chakula ni kinga ya mwili kukishambulia chakula, na hata punje ndogo inatosha: midomo kuvimba, vipele vya kuwasha, kubanwa kifua, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Huo unaweza kuua, na hauchezewi kwa majaribio ya nyumbani. Kutovumilia chakula ni kitu kingine. Huko utumbo unashindwa kukimaliza chakula fulani, na kila kitu kinategemea kiasi: kijiko hakina neno, bakuli linakulaza.

Mama N. amekula samaki tangu utotoni bila kuvimba wala kuwashwa. Zaidi ya hapo, anashinda ndani ya vumbi la dagaa. Anawamimina, anawapepeta, vumbi linamkaa kwenye kope na puani. Mtu mwenye mzio wa samaki tungetarajia apige chafya, atokwe machozi, abanwe kifua au awashwe mikono. Yeye hana hata kimoja. Samaki hawakuwa adui yake, na nilikuwa na uhakika huo kabla hajatoka chumbani.

Hata hivyo sikugusa orodha siku hiyo. Uzito uliopungua, kizunguzungu na kuharisha kwa muda mrefu ni dalili zinazomhusu daktari kwanza. Nilimpeleka kwa mwenzangu chumba cha pili.

Uamuzi wa kwanza: choo kabla ya chakula

Wingi wa damu ulikuwa gramu 9.6 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito anatarajiwa awe na 12 au zaidi. Choo kilipimwa, safari hii kwa kumpa kopo aende nalo nyumbani na arudi asubuhi. Yakaonekana mayai ya kichocho cha tumbo.

Kwa mtu wa mwambao wa Ziwa Victoria hili halishangazi hata kidogo. Mama N. anaingia majini hadi mapajani kupanda na kushuka boti, amefua ziwani, ameoga ziwani. Minyoo ya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi. Baadaye mayai yao hukwama kwenye kuta za utumbo, yanaleta uvimbe, maumivu, kuharisha, na damu inapotea kidogo kidogo. Hakuna chakula anachoweza kukiacha mtu hadi kichocho kikapona.

Daktari alimpa prazikwanteli kulingana na uzito wake, akaimeza akiwa ameshiba. Alianzishiwa pia vidonge vya madini chuma na foliki, vile tunavyoviita FEFO. Hapa tulifanya uamuzi mdogo ambao ulisaidia sana: vidonge vya chuma vyenyewe huweza kuchafua tumbo, kwa hiyo tulikubaliana wiki mbili za mwanzo zisiwe na jaribio lolote la chakula. Tulitaka kwanza tujue tumbo lake na FEFO linakuwaje. Kama angerudisha maziwa na kuanza FEFO wiki moja, na tumbo likavurugika, tungemlaumu nani?

Chai ya rangi nayo tuliihamisha. Chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia madini chuma yaliyomo kwenye mboga yasifyonzwe vizuri, na yeye alikuwa anainywa kwa kila sahani ya mchicha, ambayo ndiyo ilikuwa karibu chanzo chake pekee cha chuma. Aliambiwa ainywe walau saa moja baada ya kula.

Majuma machache baadaye choo kilipimwa tena, mayai hayakuonekana. Maumivu ya chini ya tumbo yalikuwa yamekwisha. Ndipo tukaifungua orodha.

Uamuzi wa pili: nini kirudi kwanza

Vyakula vinavyosumbua tumbo kwa gesi na kuharisha vina tabia moja. Vina sukari au wanga za aina ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimaliza. Mabaki yanashuka utumbo mpana, yanavuta maji, bakteria wanayachachua, gesi inajaa. Laktosi ya maziwa ni mojawapo. Nyingine ziko kwenye maharage, kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu, na kwenye ngano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio waliounda utaratibu wa kuziondoa zote kwa wiki chache na kuzirudisha moja moja.

Ukiisoma orodha ya Mama N. kwa jicho hilo, inagawanyika yenyewe. Samaki, mayai na nyama havina sukari hizo kabisa. Nyanya za kawaida kwenye mchuzi, ndimu, machungwa na karanga kwa kiasi hazina tatizo kubwa. Viazi vitamu viko katikati, kiasi kikizidi vinaweza kuleta gesi. Vinavyobaki kwenye kizimba ni vinne tu: maziwa, maharage, vitunguu na ngano.

Tuliamua vile visivyo na kesi virudi mara moja, bila jaribio refu, samaki wakitangulia. Sababu ilikuwa ya kilishe: dagaa wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo mwanamke aliyeacha maziwa anapata kalsiamu humo, pamoja na protini na chuma, kwa bei anayoimudu. Kumzuia dagaa mtu huyu, mwenye upungufu wa damu na magunia ya dagaa ghalani kwake, kulinisikitisha kuliko kitu kingine chochote kwenye ile karatasi.

Vile vinne tulivipangia siku tatu tatu. Siku ya kwanza kiasi kidogo, ya pili wastani, ya tatu kiasi ambacho angekula kawaida. Kisha siku mbili tatu za kupumzika, ndipo kinachofuata. Milo mingine ibaki ile ile aliyoizoea. Na majaribio yote yafanyike wakati wa mbalamwezi, akiwa nyumbani karibu na choo chake. Wazo hilo lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nimempangia kwa wiki za kalenda, akatikisa kichwa: "Hiyo itaangukia kwenye giza, dokta. Nitakuwa kisiwani." Tukapanga kwa mwezi.

Shajara ya chakula hakuandika. Alikuwa anatuma sauti kwa simu, fupi fupi, na mimi naziandika.

Yaliyotokea

Sauti ya kwanza ilikuja saa tatu usiku, watoto wakisikika nyuma. "Dokta, nimekula dagaa. Wa kukaanga, na nyanya. Nimesubiri, hakuna kitu." Baada ya siku kadhaa mayai, karanga na nyama vikapita vivyo hivyo. Ndani ya mbalamwezi moja orodha ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu.

*Maziwa.* Robo kikombe, salama. Nusu kikombe pamoja na uji, salama. Kikombe kizima cha mililita 250 asubuhi na tumbo tupu, saa mbili baadaye likaanza kuunguruma na akaharisha mara mbili. Kikombe kama hicho kina takribani gramu 12 za laktosi. Wengi wenye tatizo hili wanaweza kuzivumilia kwa mkupuo mmoja, hasa wakiwa wamekula. Yeye mpaka wake uko chini kidogo ya hapo. Maziwa mgando alikunywa kikombe kizima bila shida, kwa kuwa bakteria wa kugandisha wameshaila sehemu ya laktosi na wanaendelea kusaidia kuivunja tumboni.

Mume wake alilipinga hili. "Sisi ni Wasukuma, ni watu wa ng'ombe. Maziwa yanatudhuruje?" Ni swali zuri. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha ushahidi kwamba baadhi ya wafugaji wa Tanzania na Kenya wana mabadiliko ya kijeni yanayowafanya waendelee kumeng'enya laktosi ukubwani. Lakini jeni hizo hazigawiwi kwa kabila, kila mtu anazaliwa na zake. Wenzako wa ukoo mmoja wanaweza kunywa kibuyu kizima na wewe ukashindwa na kikombe. Mzee mmoja wa upande wa mume, alipoulizwa, alisema zamani kwao watu wazima walikuwa wanakunywa zaidi mgando. Hoja ikaishia hapo nyumbani.

*Maharage.* Jaribio la kwanza lilivurugika. Lilianguka siku za hedhi, na Mama N. huwa anaharisha kidogo siku hizo hata asipokula chochote kipya. Akatangaza maharage ni sumu. Tulilifuta jaribio lile na kulirudia mbalamwezi iliyofuata, maharage yakiwa yamelowekwa usiku kucha, maji yamemwagwa, yamechemshwa, maji ya kwanza yamemwagwa tena. Upawa mmoja ulipita. Upawa miwili ulileta gesi bila kuharisha. Sahani iliyojaa, hapana.

*Vitunguu.* Kachumbari ilimtesa usiku kucha. Mchuzi ulipita, kwa njia moja maalumu: kitunguu kinakatwa vipande vikubwa, kinakaangwa kwenye mafuta hadi kinanukia, kinatolewa, ndipo nyanya na maji vinaingia. Sukari ya kitunguu inayosumbua huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta, harufu na ladha vinabaki. Majani mabichi ya kitunguu nayo hayakumsumbua.

*Ngano.* Chapati moja sawa, tatu tumbo linajaa. Hapakuwa na la zaidi.

Viazi vitamu vya kuchemsha vilipita. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ilimjaza gesi alipoila bakuli zima na uji wa karanga, akaipunguza mwenyewe bila kuniuliza.

Msiba

Mwezi wa nne wa mpango alifiwa na shangazi upande wa Sengerema. Siku tatu za msiba: pilau yenye vitunguu vingi na saumu, maharage ya sufuria kubwa ambayo hakuna aliyeyaloweka, chai ya maziwa usiku ili watu wasisinzie. Kukataa chakula msibani, tena mbele ya mama mkwe, hakuwezekani. Alikula kama wengine. Siku ya pili alikuwa chooni zaidi ya alivyokuwa ukumbini.

Aliporudi Mwanza hakuniambia. Aliitoa karatasi kwenye nailoni na kuirudia yote, kuanzia samaki hadi viazi. Sauti zikakatika kwa majuma kadhaa. Nilipompigia alisema kwa upole kabisa, "Dokta, ile karatasi ilikuwa kweli. Mwili umekataa."

Tulikaa tukapitia kile alichokula msibani, sahani kwa sahani. Kila kitu kilichomuumiza kilikuwa kile kile tulichokwisha kukipima, kikiwa kimezidi mpaka wake, na vyote vitatu kwa pamoja: vitunguu, maharage na maziwa. Hakikuwepo kipya. Nilimuuliza kama samaki walikuwepo. Hawakuwepo. Kwa hiyo kwa nini aliwaacha tena? Alinyamaza, halafu akasema anaogopa boti. Hilo ndilo lililokuwa chini ya mambo yote. Chakula kinavumilika, aibu ya kwenye boti haivumiliki.

Kuanzia hapo tuliongeza kitu ambacho mpango ulikuwa haujakibeba: mlo wa siku ya safari. Wali au ugali kidogo, yai au dagaa, na chai ya rangi saa moja baadaye. Hakuna maziwa, hakuna maharage, hakuna chapati tangu jioni ya kuamkia safari. Siku nyingine ana uhuru wake.

Matokeo

Baada ya miezi saba uzito ulikuwa umerudi kilo 7 kati ya zile 9, na damu imefika 12.1. Kati ya vyakula 11 hakuna hata kimoja alichokiacha kabisa. Vinne ana mipaka navyo na anaijua kwa kipimo cha upawa na kikombe. Anasafiri mwenyewe kwenda visiwani. Tumbo bado linajaa siku moja moja, hasa karibu na hedhi, na hilo tumekubaliana ni la kuishi nalo.

Maharage ya nyumbani sasa yanalowekwa kwa wote wanane. Hapo mwanzo alikuwa anajipikia sufuria yake pembeni, na ilidumu siku chache tu: mkaa ni ghali, na mama mkwe aliuliza kwa nini mke wa mtu anakula peke yake jikoni.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kutoianza safari kwenye sahani. Kama ningepokea orodha ile na kumpa nyingine iliyo bora, kichocho kingeendelea kumla kimya kimya na chakula kingeendelea kubeba lawama. Wahudumu wa mwambao wanalijua hili kwa maneno, lakini kwenye foleni ndefu kipimo cha Widal ni rahisi kuliko kumrudisha mtu nyumbani na kopo. Widal hutafuta kingamwili ambazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa au chanjo, hivyo kwa watu wa maeneo yenye taifodi nyingi "positivu" peke yake haithibitishi kitu. Na kila dozi ya antibayotiki asiyoihitaji inaweza yenyewe kumharisha.

La pili ni mpangilio wa kurudisha. Kuanza na vyakula visivyo na kesi kulimpa nguvu, na kulimpa imani. Aliona kwa tumbo lake mwenyewe kwamba karatasi imekosea kuhusu dagaa, akawa tayari kuihoji kuhusu mengine. Nikitazama nyuma, naamini ile sauti ya saa tatu usiku ilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote ya kliniki. Pia naamini kwamba kama tungemwondolea kila kitu chenye sukari hizo kwa wiki mbili hadi sita, kama utaratibu kamili unavyotaka, tungemuumiza. Mtu aliyekwisha kukonda na kuishiwa damu hafai kuongezewa miiko.

Kilichoshindikana kina sura mbili. Mpango ulimchukulia kama mtu anayekula peke yake, ilhali mwanamke wa nyumba kama ile hana sahani yake: ana sufuria ya watu wanane, ana misiba, ana mama mkwe. Mabadiliko yaliyodumu ni yale yaliyoingia kwenye sufuria ya wote, kuloweka maharage na kutoa vitunguu kwenye mafuta. Yaliyomtenga yalikufa ndani ya wiki. Msiba nao ulikuwa jambo la kutarajiwa, kwani Mwanza hakuna anayemaliza miezi minne bila kuitwa msibani. Alipaswa kuondoka kliniki akiwa na maelekezo ya siku ya baada ya msiba: usiirudie orodha, kula milo yako salama siku mbili tatu, kisha endelea ulipoishia.

Sura nyingine ni ya woga. Nilimuuliza kwa kina habari za maharage na maziwa, na boti nikaiandika kama sehemu ya historia tu. Kwake boti ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe. Mlo wa siku ya safari ulipopatikana, alilegea hata kwenye mambo mengine.

Bado kuna jambo moja ambalo halijafungwa. Ziwa ndilo kazi yake, na ataendelea kuingia majini. Tumemshauri buti za mpira ndefu, anazivaa akishuka Mwanza lakini visiwani anasema zinamchelewesha. Kwa hiyo amepangiwa kupima choo kila mwaka hata akiwa mzima, na kama kuharisha kutarudi kwa zaidi ya wiki mbili, au akiona damu chooni, anakuja na kopo kabla ya kuacha chakula chochote. Kopo analo nyumbani tayari.